Pole Husemwa Mara Mbili

6 Februari

Dada yangu Pasi Moto,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ulinifundisha mwenyewe kwamba mtu anayeingia bila salamu ama ni mwizi ama ana njaa. Huku hatujambo. Mvua inatusumbua, rangi haikauki, na sisi wapaka rangi mvua ikinyesha tunabaki kutazamana tu. Tumepata kazi ya kupaka shule nzima, ndani na nje, itatuchukua mpaka mwezi wa sita. Mpwa wangu msalimie sana. Mwambie huko anakooka mikate wapunguze chumvi, ule alionipa wakati wa mazishi ulinifanya ninywe maji njia nzima.

Sasa pole, dada. Pole sana. Nilisema kwenye simu na nasema tena hapa: pole kwa kiharusi, pole kwa mkono, pole kwa mguu, pole kwa ulimi. Jumapili nilipokupigia ulijibu "mmh", halafu "mmh" nyingine, halafu mpwa wangu akachukua simu akasema mama amechoka. Hukuchoka, nakujua. Uliona maneno yanakwama ukaona aibu, wewe uliyekuwa unagombana na wateja watatu kwa pumzi moja. Ndiyo maana naandika. Simu inamharakisha mtu, barua haina haraka.

Sikiliza basi. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, kijani ile hafifu unayoipenda, na dirisha nimelilainisha linafunguka kwa kidole. Mwezi wa sita kazi ya shule ikiisha nakuja kukuchukua. Hiyo nyumba ya wazee wetu ni nzuri kwa mtu mzima wa viungo, lakini bafu linateleza, uani kuna ngazi, na mlango wa mbele unaujua mwenyewe, komeo lake linataka mikono miwili. Udobi nao basi. Umefua nguo za watu tangu mimi navaa kaptura. Huku utakaa, utaletewa chai, utaletewa maji ya kuoga, hutanyanyua hata kijiko.

Kwa sasa nimekutumia kiti cha magurudumu kwa lori la rafiki yangu. Kipokee.

Mimi sijambo kabisa, usinifikirie. Nyumba ni kubwa tu.

Mdogo wako,
Kifungo


28 Februari

Mdogo wangu Kifungo,

Marahaba. (Mjomba, shikamoo. Ni mimi mpwa wako ninayeshika kalamu. Mama anasema, mimi naandika, na ameniapisha nisibadilishe neno. Anasema polepole sana lakini matusi yanatoka bila kukwama. Chumvi ya mikate haipungui.)

Huku tupo. Seremala wa mlango wa pili anakusalimu, bado anapiga msumeno asubuhi na bado anaimba vibaya. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na hasira imenifaa zaidi.

Nikwambie habari. Hospitali wametuletea mtu wa kuja hapahapa nyumbani. Kazi yake ni kumrudisha mtu mzima kwenye shughuli zake: kuvaa, kuoga, kupika, kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kubebwa. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, mkoba mgongoni kama mwanafunzi. Tumempa jina Bi Mwenyewe, kwa sababu kila mtu akinyoosha mkono kunisaidia yeye anasema, "Mwenyewe!" Hata paka sasa anajua neno hilo.

Siku ya kwanza wengine wote walikuwa wameshaniuliza wapi panauma. Yeye aliniuliza, "Zamani ukiamka asubuhi, ulikuwa unafanya nini?" Nikataka kusema kuanika. Neno likakwama kwenye "ku". Mwanangu akafungua mdomo anisaidie, Bi Mwenyewe akamtazama tu, naye akaufunga. Tukakaa. Bi Mwenyewe ametulia kama mtu anayesubiri chai ipoe. Neno likatoka, Kifungo. Likatoka zima! Hakushangilia. Alisema, "Haya, twende uani tukaanike."

Kamba yangu ya nguo, ile unayoijua iko juu ya kichwa, akaifungua akaishusha mpaka kiunoni. Akanipa vitambaa vya mkono na vibanio. Kibanio kimoja kilinitoa jasho kuliko mashuka ya hoteli nzima. Vidole vinakiona, vinakitaka, havikishiki. Nilikirusha. Akaniambia nikiokote, mwenyewe. Mkono ukipata nguvu, anasema, kamba itapanda. Ndiyo mizani yetu: usiniulize naendeleaje, niulize kamba iko wapi.

Sasa hili la pole. Mwanangu alikuwa mtu wa pole tangu asubuhi. Pole mama, ngoja nikuvalishe. Pole mama, fungua mdomo. Bi Mwenyewe akasikiliza weee, mwisho akasema, "Nyumba hii ina pole nyingi kuliko viti. Pole moja inamkalisha mtu chini. Kuanzia leo anayetaka kumpa mama pole, aseme mara mbili." Mwanangu akajaribu: "Pole, pole." Akacheka mwenyewe. Umeelewa, au rangi imekuingia kichwani? Ukiisema mara mbili, mimi naendelea na kazi yangu na wewe unangoja. Basi barua yako nimeihesabia pole zote na kila moja nimeiongezea mwenzake.

Kiti kimefika. Kizuri sana, ahsante. Kinabeba kapu la nguo kutoka uani hadi mezani. Mimi nakisukuma, kapu ndilo linalokaa.

Kuhusu kuhama, siji. Lakini sitaki ubishi wa miezi, kwa hiyo tufanye hivi. Ukija mwezi wa sita, bisha hodi mlango wa mbele. Nikishindwa kukufungulia mwenyewe, nitafunga virago nikufuate bila neno. Nikifungua, utakunywa chai na kurudi zako peke yako. Ulipomeza kifungo cha shati la baba ulilia siku nzima unataka upasuliwe, mama akasema subiri, na kikatoka chenyewe. Nawe nisubiri.

Dada yako,
Pasi Moto


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Salamu za mpwa wangu nimezipata, na za seremala. Mvua imepungua. Shule tumemaliza upande wa madarasa madogo, watoto wameshaacha alama za viganja ukutani, tunarudia.

Mkataba wako nimeusoma. Dada, huo ni ujanja wako wa siku zote, unanichezesha mchezo ambao umeshaanza kuucheza. Komeo lile hata mimi na mikono yangu yote lilikuwa linanishinda! Mkono mmoja unasukuma ubao, mwingine unavuta chuma, vinginevyo halitoki. Wewe unapigana na kibanio. Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu nakuwaza ukiwa peke yako mchana, mpwa wangu akiwa kazini. Po... la, nilikuwa naandika lile neno, nimelikata.

Huyo bibi mwenye mkoba, kusema kweli, nimempenda. Nimewasimulia vijana kazini habari ya kamba. Sasa mtu akichelewa kupanda ngazi wanamwambia, "Mwenyewe!"

Chumba nimekipaka rangi mkono wa pili. Wa kwanza ulikuwa sawa, ila jioni nikikitazama naona kama una mabaka. Nimeweka na kiti karibu na dirisha. Siku hizi nakula mkate hapohapo dirishani, nimesimama, natazama rangi inavyokauka. Hamna ubaya, vyombo vinabaki visafi.

Nakubali mkataba. Nitakuja na begi kubwa tupu la nguo zako, ujue.

Kifungo


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tazama mwandiko. Huu ni wangu, wa mkono wa kushoto, umelala upande kama mlevi lakini unafika nyumbani. Karatasi imeshikwa na mkono wa kulia. Bi Mwenyewe anasema mkono usiojua kuandika angalau uwe mlinzi, usikae bure. Nimeandika barua hii kwa siku kadhaa, ndiyo maana wino umebadilika.

Mpwa wako hajambo, amepandishwa cheo kwa waoka mikate, sasa ndiye anayeonja. Ole wenu.

Nataka nikwambie asubuhi yangu, kwa sababu wewe unafikiri mimi nimelala natazama dari. Naamka, nageuka ubavu, miguu inashuka, naketi. Nakaa kwanza mpaka chumba kitulie. Halafu gauni. Hapa kuna siri ambayo sikuijua umri huu wote, mimi niliyeshika nguo maisha yangu yote: mkono mgonjwa ni mgeni wa heshima, huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Unauvalisha kwanza, halafu mzima unafuata wenyewe. Ukivua, mzima unaanza, mgonjwa unasubiri. Nilipokuwa naanza na mzima nilikwama ndani ya gauni kama mwizi aliyenaswa dirishani, mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu. Mimi pia nilicheka humo ndani.

Kisha chai. Birika halijazwi, maji nusu tu. Halibebwi, linasukumwa juu ya meza mpaka kwenye jiko, kwa sababu seremala amesogeza meza ikagusana na jiko. Amenitengenezea na ubao wa kukatia wenye misumari miwili inayochungulia juu: kiazi kinachomwa pale kinatulia, namenya kwa mkono mmoja. Alipouleta alinisimamia mlangoni, akanitazama kwa macho ya huruma, nikamwambia aseme mara mbili au aondoke. Akaondoka akiimba.

Kwa mwanangu ndipo penye kazi ngumu. Bi Mwenyewe amemfundisha kukalia mikono yake. Kweli, anaikalia! Mimi nahangaika na kifungo, yeye yupo kwenye stuli, mikono chini ya mapaja, machozi yanamlenga. Jana nilimaliza vifungo vyote vya mbele. Nampenda mtoto yule kwa kuikalia ile mikono kuliko kwa yote aliyonifanyia.

Kamba iko kifuani.

Umekipaka chumba mkono wa pili. Ahsante. Hujaniambia unakula nini zaidi ya mkate.

Pasi Moto


29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwandiko wako nimeuonyesha watu kazini. Nimemwonyesha hata mama wa duka la rangi, hakuniuliza ila nilimwonyesha. Umelala upande kweli, lakini nimesoma kila neno, na wewe zamani hata wa mkono wa kulia ulikuwa hausomeki.

Nimejaribu kuvaa shati kwa mkono mmoja. Nilianza na ule mzima, kwa makusudi, nione. Nilizunguka chumba kizima. Heshima yako, dada. Sikujua kuvaa ni kazi.

Chakula kipo, usijali. Mkate, yai, siku nyingine yai na mkate.

Komeo je? Umelijaribu?

Kifungo


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilidhani barua imepotea, nikapiga simu. Mpwa wangu akasema, "Mama yupo." Nikauliza yupo vipi? Akasema, "Yupo tu, mjomba, atakuandikia." Mtoto yule hajui kudanganya, sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekalia mikono.

Kamba iko wapi?

Kama sijapata barua mpaka mwisho wa mwezi nitaacha dari za shule bila rangi nije. Begi liko mlangoni.

Kifungo


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na usije kabla ya siku yake. Lile begi liondoe mlangoni, utajikwaa nalo.

Nilianguka. Haya, nimesema. Bafuni. Bi Mwenyewe alikuwa ameniambia kuoga peke yangu bado, mpaka seremala afunge chuma cha kushikia. Nilikuwa nimemaliza vifungo vya gauni, nikajiona bingwa, nikaingia. Sakafu ikaja yenyewe. Nililala pale namsikia seremala anapiga msumeno upande wa pili wa ukuta, nikataka kumwita, na ulimi ukakataa katakata. Nililala nikisikiliza wimbo wake mbaya mpaka mwanangu aliporudi. Hakuna kilichovunjika, ni michubuko na paja jeusi. Kilichovunjika ni ujasiri. Nilirudi kitandani nikageukia ukuta. Kamba sikuigusa. Nilimwambia mwanangu asikwambie neno, kwa sababu nilijua ungekuja, na mimi siku zile ningekufuata.

Bi Mwenyewe alipokuja nilimgomea. Nilimwambia basi, nimeshindwa, mdogo wangu ana chumba. Unajua alichofanya? Alivua viatu akalala sakafuni. Chini kabisa, na mkoba wake. Akasema, "Nilikosea mpangilio. Nimekufundisha kusimama kabla sijakufundisha kuinuka. Njoo huku chini." Mtu mzima anasema nilikosea, ananitazama kutoka sakafuni! Ningefanyaje? Nilishuka. Akanionyesha: geukia upande mzima, tambaa mpaka kwenye stuli, goti moja, kiwiko kwenye stuli, pumua, sukuma. Tukaanguka na kuinuka asubuhi nzima, wanawake wawili wazima. Mteja aliingia kuulizia mashuka yake, akatukuta tumelala tunacheka, akatoka kimyakimya.

Siku hiyo ndipo hofu ilipoanza kupungua. Nikianguka tena, nitainuka. Mtu anayejua kuinuka hana haja ya kukaa kitandani asije akaanguka. Yule mwanamke sijui Mungu alimtoa wapi. Angeweza kunipa pole siku hiyo na ningemkubalia, nami ningekuwa mgonjwa mpaka kaburini.

Chuma cha bafuni kimefungwa, na mkeka wa raba. Naoga nimeketi. Kamba ilirudi kiunoni, sasa imefika begani. Komeo najaribu kila siku. Linatembea kidogo, linarudi.

Sasa nikuulize wewe, maana nilipokuwa nimegeukia ukuta nilisoma barua zako zote upya. Unakula umesimama. Unakipaka chumba ambacho kimeshapakwa. Nyumba ni kubwa tu, ulisema, ukaishia hapo. Tangu tumzike wifi yangu hujamtaja, si kwa jina, si kwa "marehemu", si kwa "yule". Chumba cha kijani ni cha mimi kuhudumiwa, au ni cha wewe kusikia mtu akikohoa jioni unapofungua mlango? Sikuchokozi. Nauliza kwa sababu nimejifunza kuulizwa.

Usinijibu. Njoo siku yako, bisha hodi.

Pasi Moto


12 Julai

Dada yangu Pasi Moto,

Shikamoo. Nilifika salama. Basi lilikawia lakini mkate wa mpwa wangu ulinisaidia, na nasema kwa mara ya kwanza: chumvi ilikuwa sawa.

Najua unajua yote yaliyotokea siku ile. Ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, na upande wangu wa mlango hujauona. Nataka nikuonyeshe.

Nilibisha, nikasema hodi. Ukajibu "karibu", moja, safi, haikukwama. Halafu nikasikia fimbo, halafu unyayo, halafu ule mwingine unaokuja nyuma yake ukiburuta kidogo. Fimbo, unyayo, mburuto. Ukumbi ule tulikuwa tunaumaliza kwa kuruka tulipokuwa watoto. Sikujua ni mrefu hivyo. Ulisimama katikati, nikasikia unapumua. Nilitaka kuita "dada, pole", nikauma mdomo.

Seremala akatoka na nyundo mkononi. Akasema, "Nizunguke uani nikufungulie kwa ndani?" Nikamwambia, "Mwenyewe." Akaelewa, akaweka nyundo chini, akasimama na mimi. Hakuimba.

Ukafika. Nikasikia fimbo imeegemezwa ukutani, ikateleza ikaanguka, nawe ukaiambia jambo ambalo sitaliandika. Halafu komeo. Likasogea, likarudi. Likasogea, likarudi. Sasa, dada, kuna kitu hujui. Mimi mlango ule nilikuwa nausukuma kwa nje nikichelewa kurudi nikiwa kijana, mama akivuta komeo kwa ndani. Ukiusukuma kwa bega hapo chini ya bawaba, ubao unaachia chuma na komeo linalegea, hata mtoto analivuta. Bega langu lilikuwa palepale. Ningeusukuma kidogo tu usingejua, ungefungua, ungefurahi, na mimi ningerudi nyumbani na siri. Au ningetulia, ukishindwa ningerudi na wewe. Nisikufiche: hilo la pili nililitamani. Chumba kile nilikuwa nimekipaka mkono wa tatu.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikaweka mikono mfukoni, maana nisingeweza kuikalia.

Likasogea. Nikasikia kiganja kinagonga ubao, kile cha kulia, nilijua kwa uzito wake, kinagonga kama kipande cha mti kisha kinabaki pale kinasukuma. Kinasukuma, dada! Ule mkono uliokuwa mlinzi wa karatasi. Na chuma kikalia, kikatoka.

Ukasimama mlangoni umelowa jasho, kilemba kimeenda upande, ukasema, "Mbona umesimama mbali kama mdai? Ingia, chai inapoa." Nikashindwa hata kukusalimu. Seremala ndiye aliyesema shikamoo kwa niaba yangu, na wewe unamzidi miaka michache tu.

Nimewaona watu wakijenga majengo makubwa na mimi nikayapaka rangi. Sijaona kazi kama ile. Nilikunywa chai uliyosukuma birika lake mezani, nikala viazi ulivyomenya kwenye ubao wa misumari, nikiwa nimekaa. Nilikuwa sijakaa mezani na mtu tangu yeye alipofariki. Nilikuona umeniona, ukanisogezea sahani.

Begi lilirudi tupu. Njiani niliweka miguu juu yake.

Mdogo wako,
Kifungo


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpwa wako amekata ile sehemu ya chumvi kwenye barua yako, ameibandika ukutani huko kwenye tanuri lao.

Nilijua habari ya bega. Mama ndiye aliyenionyesha. Siku ile nilikuwa nakusikiliza wewe kama ulivyokuwa unanisikiliza mimi, na nilisikia viatu vyako vikirudi nyuma. Hapo ndipo nguvu ziliponijia.

Umesahau kofia yako ya kazi, ile yenye rangi za kila nyumba uliyowahi kupaka. Nimeifua. Rangi haikutoka, jasho limetoka. Nimeianika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na kamba iko juu ya kichwa, pale ilipokuwa zamani. Bi Mwenyewe alikuja akaitazama, akaandika, akafunga mkoba. Anasema sasa ana mtu mwingine mtaa wa tatu, fundi viatu, naye ana pole nyingi nyumbani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikamfungulia.

Chumba cha kijani usikifunge na usikipake tena. Mashuka ya hoteli nikishayamaliza nakuja, mgeni, si mgonjwa, nakuletea kofia. Nitakaa mpaka ujue kupika kitu kisicho yai. Nitabisha hodi. Najua jioni mlango wako mzito, na safari ya kutoka dirishani mpaka kwenye komeo ni ndefu. Chukua muda wako. Sitausukuma, nitasimama nje na kofia yako mkononi nikusikilize unakuja.

Msiba wako na ugonjwa wangu vilipishana mlangoni, hatukupata kukaa kitako tukamlilia wifi yangu. Kwa hiyo nakupa leo, na kwa sheria ya nyumba hii nakupa kama inavyopaswa.

Pole, mdogo wangu. Pole.

Dada yako,
Pasi Moto